Nilimwambia jirani ni marufuku kurekodi televisheni

Admin, lifiche jina langu. Nina miaka themanini na minne, mwalimu mkuu mstaafu, na nyumbani ni karibu na Khayega, Kakamega. Moyo wangu umechoka na daktari hanifichi. Nataka kusema hili nikiwa bado na pumzi.

Miaka ya tisini kwaya ya kanisa letu ilionyeshwa kwenye televisheni, na mke wangu ndiye aliyeongoza wimbo. Jirani yetu, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mtu aliyefiwa na mkewe, alikuwa na deki ya video. Akaurekodi. Mimi niliyesoma sikuwa hata na televisheni.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada mke wangu alikwenda huko kujitazama. Nikisikia kicheko chake kikivuka ua, niliiacha chai ikapoa mezani. Siku moja nikamuuliza anafuata nini kwa watu, naye akanijibu:

"Mwalimu, ukiona wivu si uje tuone pamoja? Viti viko."

Sikwenda. Kesho yake nilimfuata jirani kinuni, nikamwambia stesheni imepiga marufuku watu kurekodi vipindi nyumbani, na kwamba wakaguzi wa leseni za televisheni sasa wanatafuta kanda pia. Sheria hiyo niliitunga njiani.

"Hata ya kwaya?"

"Hasa ya kwaya."

"Haya. Wewe ndiye umesoma, Mwalimu. Mimi niliachia darasa la nne."

Akaichoma ile kanda nyuma ya kinu siku hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata mke wangu alirudi mapema kutoka kwa jirani. "Kweli stesheni inaweza kumzuia mtu kurekodi ndani ya nyumba yake?"

"Sheria ni sheria," nikamjibu.

Akaniangalia sana, kisha akaenda kuchambua mboga. Hakuuliza tena. Miaka miwili baadaye alifariki. Picha zake ninazo, ila sauti yake sina popote.

Jirani bado huja kunijulia hali kila Jumapili, amebeba unga. Na kila akija husema, "Nisamehe, Mwalimu. Ningeficha ile kanda ndani ya gunia, leo ungekuwa unamsikianga mama."

"Nimekusamehe," namwambia. Naye huondoka akijifuta macho.

Wenzangu, Jumapili atakuja tena. Nimwambie ukweli, nimpoteze mtu pekee anayebisha mlango wangu? Au nife nikiendelea kumsamehe kosa langu mwenyewe? Nipeni neno, siku zenyewe si nyingi.