Baiskeli yangu ya kishefu imepata mutu

Leo nimeuza ile baiskeli yangu, na sijui nicheke ao nikasirike.

Muliiona: baiskeli tatu mbovu nimeziunga moja. Gurudumu la mbele liko mbali, kiti iko chini, unakaa miguu imenyooka kama shefu, yule mukubwa wa kazi.

Mama Zaina, yule anauzisha mafuta ya mawese hapa Kasongo, amekuja asubuhi. Nikamuonyesha namna ya kukaa.

"Nani atakaa?" akaniuliza.

Akalaza bidoni mbili za mafuta juu ya kiti. Zikatulia, hata kamba hakufunga! Akanilipa, akaanza kuisukuma kwenda soko.

Kidogo tu, akarudi.

"Mutoto yangu, hizi pedali zinanigonga miguu. Uzitoe. Kisha unitengenezee baiskeli ingine kama hii."

Nimezitoa.

Basi niko na pedali mbili nzuri. Nani anazitaka?