Kunguru wa Saluni

Kaka zake walimpachika dada yao jina la Kunguru tangu utotoni, kwa ajili ya yule kunguru mwoga wa methali anayeokoa ubawa wake. Na kweli alikuwa mwoga. Aliogopa radi, sindano, hata kuku aliyelalia mayai. Watu wakianza kugombana barabarani, alifunga mlango wa saluni yake na kuongeza sauti ya redio. Wateja walimpenda kwa hilo hilo: alisuka kwa mkono mwepesi, kama anayeomba ruhusa kwa kila unywele.

Kisha kitinda mimba wao akavunjwa mguu sokoni. Alikuwa akigombania nafasi ya kupanga viatu vyake vya mitumba na kijana mmoja msukuma mkokoteni. Walitukanana, wakasukumana, kijana akamtandika kwa nondo. Kunguru alikuwepo hospitalini mfupa uliponyooshwa. Kilio kile kilimwingia mwilini kikakataa kutoka.

"Dawa ya moto ni moto," alisema Kaka Mkubwa, dereva wa lori. Kaka wa pili, mwashi, aliitikia kwa kichwa.

Alasiri moja mama wa yule kijana aliingia saluni. Alikuwa mshonaji, mteja wa miaka mingi, miguu imemvimba, na kwa kawaida mwanawe ndiye aliyemleta kwa mkokoteni na kurudi kumchukua. Alisimama mlangoni, khanga mdomoni.

"Mwanangu, leo sikuja kusuka. Nimekuja kuomba radhi. Ila uso wa kukutazama sina."

Kunguru alivuta kiti. "Keti, mama," alisema. "Nywele zimefumuka hizo." Mikono yake haikujua kazi nyingine.

Hakuwa amefika nusu ya kichwa alipoitwa nje. Kaka Mkubwa alimwinamia sikioni akitabasamu, ili wapita njia wadhani ni salamu.

"Mcheleweshe huyo bibi. Kijana wake atakuja kumchukua. Sisi tuko pale gereji."

Chini ya koti lake ilichungulia spana ya magurudumu.

Alirudi ndani, akashika kitana. Akisema, atakuwa amewauza ndugu zake. Akinyamaza, kile kilio kitasikika tena, hapa mlangoni kwake, na safari hii yeye ndiye atakayekuwa amekiita. Alisuka msuko mmoja, akaufumua, akausuka tena.

"Mbona unatetemeka?" mama aliuliza.

"Baridi," alijibu, huku jasho likimtiririka.

Magurudumu ya mkokoteni yakasikika. Kunguru aliona kaka zake wakivuka barabara, wa pili ameshika rungu. Anavyosema mwenyewe, hakuamua kitu. Alijikuta nje tu, kitana mkononi, amemkamata yule kijana kifundo cha mkono.

"Usikimbie," alimwambia. "Na usiinue mkono. Ukiinua tu, tumekwisha."

"Lakini wewe si dada yake—"

"Najua mimi ni dada wa nani! Tulia!"

Kaka zake wakafika. "Kunguru, pisha."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Miguu imekataa, kaka. Naogopa."

"Unaogopa nini, na sisi ndugu zako tupo?"

"Ninyi ndio ninaowaogopa."

Kaka Mkubwa aliduwaa. Wa pili hakuduwaa: alishusha rungu lililomlenga kijana, likatua begani kwa dada yake. Kunguru alipiga magoti, asiachie ule mkono. Alihisi misuli ya kijana ikikaza, mkono ukitaka kupanda. Akaning'inia mkononi pale kwa uzito wake wote.

"Nakuomba," alisema. "Nakuomba, mdogo wangu."

Mkono ukalegea. Mama naye alikuwa ametoka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, analia bila sauti. Watu walijaa. Kaka Mkubwa akaona sketi ya dada yake imelowa mkojo, akageuza uso haraka.

"Umempiga dada yako!" alimfokea mdogo wake. "Una wazimu? Lete hilo rungu!"

Ugomvi ukawa wa kwao wenyewe, wakaondoka nao.

Bega lilimuuma wiki nyingi. Kijana alikwenda hospitalini na mama yake kuomba radhi. Majeruhi alimgeuzia mgongo. Alikwenda tena, na tena, hadi akajibiwa salamu. Baadaye ndiye aliyempangia viatu sokoni mpaka mguu ulipounga, ingawa uliunga vibaya, na hadi leo anachechemea. Sokoni wengine walisema Kunguru amewaaibisha kaka zake. Yeye hakubishana nao. Alikuwa akiota lile rungu, na mchana aliwasuka wateja akiwa ameelekea mlangoni.

Kaka wa pili hakumtembelea kwa muda mrefu. Siku alipobisha hodi, mlango ulikuwa na komeo.

"Ni mimi."

"Najua. Njoo dirishani kwanza. Nionyeshe mikono."

Alisogea dirishani, mwanamume mzima, akainua viganja vyote viwili mbele ya kioo, vumbi la saruji bado limo kwenye kucha. Dada yake alivitazama kwa muda. Kisha akaenda kufungua komeo, moyo ukimdunda.