Mwoshaji Aliyesubiri Kuzikwa

Nilipoingia wodini na chupa ya supu ya njiwa, Inshirah alinitazama kwa huruma, akaniuliza, "Na wewe Tafida, umekufa lini?"

Aliuliza kwa sauti ile ile anayoniulizia bei ya nyanya. Nikacheka, maana mimi na yeye tumetaniana juu ya mauti tangu ujana wetu. Kisha nikaiona miguu yake. Alikuwa amejinyoosha chali, uso ameuelekeza kibla, na vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa kipande cha bendeji. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekipitisha chini ya kidevu akakikaza utosini, kama tunavyofanya sisi ili mdomo wa maiti usibaki wazi. Alikilegeza kidogo tu, apate kusema nami.

"Nani amekufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe. Watu wa hapa hawajui kazi."

Nikaiweka chupa ya supu chini ya kitanda.

Inshirah ni mwosha maiti. Wanawake wote wanaokufa upande wetu wa mji wa Dumyat, hapa Misri, huku nyuma ya karakana za maseremala, hupita mikononi mwake, na mimi humshikia ndoo na kumwaga maji. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake alipofiwa na mume akiwa na mtoto mchanga. Watu wanamheshimu kwa mbali. Muuza jibini humwekea kifurushi chake juu ya meza, hampi mkononi. Harusini humkaribishi, unampelekea sahani ya vitamutamu nyumbani na salamu nyingi. Yeye hucheka. "Watakimbia weee," husema, "mwisho watanyoosha miguu mbele yangu." Huyo ndiye Inshirah, mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa, aliyeingia vyumba ambavyo wanaume wazima walitoka wakitapika, wala sikumwona akisita mlangoni.

Mwaka ule unene ukaanza kumtoka. Aliyaficha maumivu ya tumbo mpaka akaanguka jikoni, mwanawe Saber akamkimbiza hospitali, wakampasua na kumkata kipande cha utumbo. Daktari wa upasuaji alimweleza Saber kwenye korido ni nini walichokikuta. Saber ni fundi hodari wa vitanda, nampenda kama mwanangu, lakini siku ile alifanya upumbavu ambao nusu ya mji huu ungeufanya. Alitukusanya jamaa na majirani akatuapisha. Mama asijue. Jina la ule ugonjwa lisitajwe mbele yake, kwani jina lenyewe linaua. Tukaapa, na mimi nikiwemo. Hata sisi kwa sisi tukawa tunasema "ule", na mtu akiusema anashusha sauti.

Sasa hapo kitandani, vidole vimefungwa, Inshirah aliniambia nikae anieleze, maana aliona mimi bado sijatambua hali yangu.

"Niliamka kwenye baridi," alisema. "Chumba kizima chuma na mwanga mweupe. Wakaja wanawake wawili wakanivua, wakaanza kuniosha, upande wa kulia kwanza, taratibu. Hawakunisemesha neno. Wanasengenya mume wa mtu juu ya kifua changu. Nikasema, aa, kumbe. Halafu akaja Saber akanibusu kwenye paji la uso. Mtoto huyu tangu apate akili hunibusu mkono. Anayebusiwa paji ni nani, Tafida?"

Kwetu maiti ndiye anayeagwa hivyo.

"Majirani wanakuja na macho mekundu. Hawakai. Wanamwambia Saber, Mungu akupe subira. Nikimuuliza mtu nina nini, anatazama dirishani. Wewe mwenyewe nilikuuliza, ukaanza kuninyooshea shuka."

"Nilikuwa nataka ulale vizuri."

"Ndiyo. Nilale vizuri." Akatabasamu. "Mimi sina kinyongo. Kinachoniudhi ni kimoja, wananichelewesha. Mtu anawekwa juu ya ardhi muda wote huu? Nikianza kunuka itakuwa aibu ya nani?"

Akakikaza kitambaa chake, akafumba macho. Nilikaa nikikitazama kifua chake kama kinapanda. Kilikuwa kinapanda, lakini kidogo sana, na kila kiliposhuka nilikisubiri kwa hofu. Bibi wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga, alikuwa ameomba ahamishwe, na hawakumkatalia.

Jioni nikapita kwa mwoka mikate. Nilimsalimu, hakuitikia. Nikamsalimu tena, hakugeuka. Nakwambia ukweli, nilisimama pale nikajishika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Kumbe mtu wa watu alikuwa anahesabu mikate yake. Swali la Inshirah lilikuwa limenifuata mpaka nyumbani, na niliogopa hata kujitazama kwenye kioo.

Siku zilizofuata hakubadilika. Wauguzi wakiibandua plasta ya kidonda, kitu cha kumliza mtu mzima, yeye hakukunja uso. "Maiti haumwi," aliwaambia kwa upole. Kila asubuhi walimkatia ile bendeji ya vidoleni, na kila adhuhuri alikuwa ameshajifunga nyingine. Nilimtia kijiko cha supu mdomoni, supu ikatoka pembeni ikashuka shavuni, na yeye akaiacha ishuke. Maji nimeyaona yakitoka hivyo mara nyingi, na kila mara aliyelala alikuwa haamki tena.

Daktari wa upasuaji alimwambia Saber wazi kwamba asipokula kidonda hakitafunga, na kisipofunga mama hana siku nyingi. Asipobadilika kwa siku chache wangempitisha mpira wa chakula puani, na akiupinga wangemfunga mikono. Lakini kwanza alitaka aje mwenzake, Daktari Ragaa, anayeshughulika na nafsi za wagonjwa.

Saber aliruka. "Mama yangu si mwendawazimu."

"Na nani kasema hivyo?" Daktari Ragaa alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, na suruali yake ilikuwa na alama ya chai. "Mtu kapasuliwa, kalazwa ugenini, kapewa dawa nzito, hajaambiwa kitu. Wewe ungekuwaje?"

Alianza na mwili. Akapima homa na damu, akaondoa dawa moja ya usingizi, akisema dawa hiyo huweza kumvuruga mtu mzima akaona visivyokuwepo. Akaagiza miwani ya Inshirah iletwe kutoka nyumbani, kitanda kisogezwe dirishani ajue mchana na usiku, na kila anayemgusa amtajie jina lake kwanza. Usingizi wake ukawa mzuri. Akajua siku, akamtambua kila mtu, akasoma saa ya ukutani. Ila aliendelea kuwa amekufa. Jambo hilo lilinitisha kuliko yale ya mwanzo, kwa sababu sasa alikuwa analisema mchana kweupe, akili zake zote zimo.

Asubuhi ile ya mpira, daktari alikuja akavuta kiti. Hakubishana naye hata kidogo. Mimi nilikuwa nimembishia mpaka nikakaukwa na mate.

"Hajja," alisema, "mimi kazi yako siijui. Hebu nieleze. Ukiingia chumbani kwa marehemu, unaanzaje?"

Inshirah alimtazama muda mrefu. Akalegeza kitambaa.

"Naanza kwa jina. Namwita kwa jina lake na la mama yake. Namwambia mimi ni Inshirah, nimekuja kukuosha, nipe ruhusa. Halafu kila kitu namwambia. Sasa nainua mkono wako. Sasa nakugeuza, usiogope, nimekushika. Maji ni vuguvugu. Nikimkuta na kidonda namwambia nimekiona kidonda chako, maskini, nitapita pembeni. Muulize huyu."

"Ndivyo," nikasema. "Huwapigia soga kama wako sokoni."

"Kwa nini unawaambia?" daktari aliuliza.

"Kwa sababu wamelala na watu wamesimama. Aliyelala hajui anafanywa nini. Ni dhuluma kumshika mtu kimya." Midomo yake ikaanza kucheza. "Nimewaosha wanawake wa mji huu wote, hata mmoja sikumficha kitu. Mimi imefika zamu yangu, wameniosha kimyakimya kama sufuria. Mwanangu mwenyewe yumo. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nimekufa na nini."

"Unataka kuambiwa?"

"Nataka."

"Yote, au mengine yabaki?"

"Yote. Na Saber ndiye aseme."

Daktari alitoka kwenye korido, nami nikamfuata. Saber alikuwa ameegemea ukuta, amesikia kila neno. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola.

"Ukimwambia, utakuwa umemuua," alisema.

"Yeye anasema ameshakufa, kaka. Tutamuua mara ngapi?"

"Hakuna mtu kwetu anayemwambia mama yake neno hilo."

"Najua. Mimi pia kwetu ni hapa, na baba yangu tulimficha mpaka mwisho." Daktari Ragaa alifuta miwani yake kwa ncha ya koti. "Alikufa akidhani tumemchoka. Ingia ndani, Saber. Nitakaa karibu yako. Sema polepole, ukishindwa nyamaza kidogo, kisha endelea."

Nikamsukuma mgongoni. Sikuwa na subira tena, na mpira ulikuwa umeshatengwa kwenye trei.

Saber aliketi ukingoni mwa kitanda. Fundi yule, mwenye mikono ya kubeba kabati peke yake, hakujua aiweke wapi. Mwishowe aliiweka juu ya magoti ya mama yake.

"Mama, mimi ni Saber."

"Naona."

"Tumboni mwako walikuta saratani."

Alilitaja. Inshirah hakutikisika. Alikuwa anamtazama mdomo, kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

"Wamekata kipande chenye ugonjwa," Saber aliendelea. "Daktari anadhani wameutoa mwingi, lakini hana hakika. Ukipata nguvu kuna dawa ya kupitishwa mishipani, dawa ngumu. Mimi ndiye niliyewakataza watu wasikwambie. Nilidhani nakulinda."

"Nimewaosha wengi wenye huo," alisema Inshirah.

"Najua, Mama."

"Huwa wepesi. Unawageuza kwa mkono mmoja." Kisha sauti yake ikatoka ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Saber. Nitakufa nao?"

Saber aligeuka kumtafuta daktari kwa macho. Mimi nilimwona Daktari Ragaa akifumba yake na kushusha pumzi, na hapo ndipo nami nilipoelewa. Aliyekwisha kufa haulizi swali lile.

"Sijui, Mama," alisema Saber. "Wallahi sijui. Hakuna anayejua."

Inshirah akaanza kutetemeka. Ulianza mkono, ukafuata mwili wote, kitanda kikawa kinagonga ukuta. "Naogopa," alisema. "Mwanangu, naogopa," na Saber akamkumbatia, wakalia wote wawili bila haya. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Alipotulia alinitafuta mimi.

"Tafida. Nani ataniosha?"

"Mimi. Unadhani nitamwachia nani?"

"Wewe huwasemeshi. Miaka yote unamwaga maji umefunga mdomo."

"Nitakusemesha."

"Muongo. Utanyamaza. Nakujua, ukiwa na huzuni unanyamaza." Akapumua kwa taabu. "Sema sasa, nisikie."

Saber alisema, "Mama, basi," lakini daktari alimgusa bega akanipisha nafasi. Nilisogea. Nilikuwa naona aibu, na nilikuwa na hofu ambayo hata leo sina jina lake, kwa kuwa mbele ya watu waliokuwa wakitazama nilikuwa naenda kumsemesha mtu aliye hai maneno ya maiti, na sikujua yatamvuta upande gani. Niliushika mkono wake wa kulia. Ulikuwa wa moto, umelowa jasho.

"Inshirah binti Galila," nilisema, "mimi ni Tafida. Nimekuja kukuosha, nipe ruhusa."

"Endelea."

"Sasa nainua mkono wako. Usiogope, nimekushika. Sasa nakugeuza kwa ubavu." Nikaupitisha mkono wangu mgongoni mwake, nikaanza kumgeuza kama tunavyowageuza, kwa uzito ule ule.

Akakunja uso, akanibana kifundo cha mkono kwa kucha zake zote.

"Polepole, Tafida," alisema. "Unaniumiza."

Nimegeuza wanawake wengi katika maisha yangu, na hajatokea mwingine aliyeniambia hivyo.