Ndoo ya Mama Winfrida

Siku niliyomwona Mama Winfrida kwa mara ya kwanza alikuwa amechuchumaa katikati ya soko la Katonga, Kigoma, akizungusha mpini wa ndoo tupu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Boti kutoka Kongo zilikuwa zikileta watu kila siku, na aliyekimbia vita na kitu chochote cha kuuza alikitandika pale pale karibu na dagaa: cherehani, redio, masufuria, viatu vya harusi. Mimi nilikuwa nikipita na baiskeli yangu nikiwapelekea barafu wanunuzi wa migebuka, samaki wa ziwani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu nimalize darasa la saba. Ilinifaa, maana sikuwa mtu wa maneno.

Ndoo ile ilikuwa ya mbao, na ndani yake kulikuwa na kopo refu la bati lenye mpini wa kuzungusha juu. Watu walikuwa wameizunguka.

"Hii ni ya kusukia siagi," mmoja alisema.

Mwenye ndoo, mzee mmoja wa Uvira, akatikisa kichwa. "Haiko ya siagi, baba. Ni ya askrimu. Barafu na chumvi huku nje, maziwa ndani."

"Najua," alisema yule mama bila kuinua uso. "Niliizungusha kama hii kwa masista wa misheni usichana wangu wote, na sikula hata kijiko."

"Masista wachoyo hao."

"Walionikataza si masista. Ni tumbo."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, lakini mkono haukuuachia mpini. Alipomaliza kupatana na yule mzee aliangaza macho akaniona nimesimama na barafu yangu.

"Wewe wa barafu, unakaa wapi?"

"Gungu, mama."

"Basi ni jirani. Ukishamaliza kuwagawia hao samaki wako, ipandishe hii ndoo hapo nyuma twende."

Njia nzima nilikokota baiskeli na yeye akitembea ubavuni akizungumza. Kabla hatujafika Gungu nilikuwa najua habari zake zote. Alikuwa mjane, alikaanga maandazi ya wanafunzi, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Winfrida. Winfrida alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Alphonce, utingo wa malori yaliyopeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi. Kwao Alphonce ni Makere, na wazazi wake ni wafugaji. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Kwa wafugaji wa kwetu Buha, siku ya wakwe, mama wa binti na mama wa kijana hunywa maziwa katika chombo kimoja mbele ya watu wote. Ukiyakataa, umeikataa nyumba yao. Mama Winfrida hakuyaweza maziwa tangu utotoni. Hata ya kwenye chai yalimkimbiza chooni. Alipoolewa yeye, alipewa kibuyu na mama mkwe wake, akanywa kwa heshima, na wageni wakiwa bado wamekaa akatoka mbio kwenda migombani. Mama mkwe akasema maziwa ya nyumba yake yamekataliwa. Hakukanyaga kwa Mama Winfrida mpaka alipokufa.

"Mimi nilikwisha kuzoea," aliniambia. "Winfrida sitaki ayapate yale. Siwezi kukikataa chombo chao nikiwa mikono mitupu. Lazima niwe na changu cha kuwapa, cheupe, kitamu kuliko maziwa. Mama yake Alphonce akikipenda, tutakula hicho pamoja, na neno litakuwa limekwisha."

"Cha kitu gani, mama?"

"Askrimu. Ila isiwe na maziwa."

Nilidhani anatania. Maziwa ya unga ya msaada yalikuwa yamejaa sokoni wakati ule, na kila mwenye friji Kigoma alikuwa anauza askrimu za maziwa kwenye vifuko. Askrimu isiyo na maziwa tuliyoijua ni barafu ya maji yenye rangi na sukari. Ukiinyonya, utamu unakuja wote kwa mara moja, halafu unabaki na barafu tupu mdomoni.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea barafu na chumvi ya mawe ya Uvinza. Aliiosha ile barafu mara mbili, akainusa, akaiosha tena.

"Gervasi, barafu yako inanuka migebuka."

"Nimeiosha, mama."

"Umeiosha na migebuka."

Aliipanga kati ya ndoo na kopo, akanyunyiza chumvi, akazungusha. Alipochota kijiko akanipa, nikauliza kwa sauti ndogo kama kuna maziwa.

"Kwa nini unauliza?"

Nilitazama chini, mkono tumboni.

"Na wewe pia?" Alinitazama kwa furaha kana kwamba nimemwambia sisi ni ndugu. "Basi nimepata ulimi. Onja, ni tui la nazi tupu."

Nazi zilikuja na treni kutoka pwani. Ile askrimu ya kwanza iliganda kama jiwe, na ilipoyeyuka mdomoni iliacha mafuta juu ya ulimi kama mshumaa. Nilimwambia hivyo hivyo, naye hakukasirika. Wiki iliyofuata alijaribu ndizi mbivu. Zilikuwa tamu, lakini ziligeuka kuwa nyeusi na zilivutika kama gundi. Winfrida akasema tukiwapa wakwe kitu kile watadhani tumewapa dawa ya kuku.

"Wewe kaa kimya," mama yake alisema. "Ninayemwozesha ni wewe."

Wiki nyingine ilikuwa zamu ya karanga. Alizitwanga mbichi, akazikamua tui, na harufu ikawa ya maharage ambayo hayajaiva. Wiki iliyofuata alizikaanga kidogo kwanza, kwa moto wa makaa yanayokaribia kufa, akazimenya, akazisaga kwenye jiwe, akakamua. Lile tui alilichemsha na unga kidogo wa muhogo mpaka likawa zito, kisha akachanganya na tui la nazi. Nilipoonja nilisimama. Ilijaa mdomo wote, ikateremka taratibu. Lakini bado ilikuwa na vijiwe vidogo vya barafu.

"Bado," nilisema.

"Najua bado. Lakini umeiona inakoelekea?"

"Nimeiona, mama."

Ikawa kila siku nafikiria Jumamosi. Nilikuwa nikikata barafu kule sokoni huku nawaza vile vijiwe vinatoka wapi. Kilichoviondoa ni kukosekana kwa sukari. Duka lilikuwa limefungwa kwa msiba, na mama hakutaka kusubiri, akatia asali ya miombo aliyoletewa kutoka Kasulu. Alizungusha, nikampokea, nikazungusha mpaka mkono ukakataa. Alipofungua kopo, kijiko kilizama chenyewe.

Tulikula pamoja, mimi na yeye na Winfrida. Ilikuwa laini, nzito, yenye ladha ya karanga mwanzoni na asali mwishoni. Mama Winfrida alikaa kwenye kigoda na bakuli mapajani. Alikula kama mtu anayesikiliza habari njema ikisomwa redioni. Kisha tukasubiri. Tulikunywa maji, tukazungumza, tukatazamana. Tumbo langu lilikuwa shwari. Lake pia.

"Haya," alisema hatimaye. "Waje."

Wakwe waliahidi kuja Jumapili baada ya misa. Asubuhi ile nilipofika kwenye kiwanda cha barafu nilikuta mashine ziko kimya. Umeme wa mji ulikuwa umezimika tangu jana jioni, na barafu yote imeuzwa. Niliteremka Katonga nikiendesha kama mwehu. Aliyebaki na barafu alikuwa Mwinshehe peke yake, mnunuzi mkubwa wa samaki. Alikuwa amekaa juu ya kasha lake akisubiri kulipeleka kwenye treni, na watu wengi wamemzunguka. Nilisimama mbele yake.

"Mzee Mwinshehe, naomba barafu."

"Jamani, sogeeni," alisema. "Gervasi anaongea."

Wakasogea kweli. Masikio yangu yalikuwa ya moto.

"Nikikupa barafu, samaki wangu wavae nini?"

"Ni ya wakwe. Wanakuja leo."

"Umeoa lini wewe?"

"Si wakwe wangu. Ni wa Winfrida, mtoto wa jirani. Mama yake hawezi kunywa maziwa, na wakwe ni wafugaji. Bila barafu leo ataaibika mbele ya watu, kama alivyoaibika alipoolewa."

Sikuwahi kusema maneno mengi namna ile kwa pamoja. Mwinshehe alinitazama, akashuka kutoka kwenye kasha, akalifungua. "Chukua upande huu. Na ukija kuoa kweli usiniache nje."

Nilipofika Gungu wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Nyuma ya nyumba tuliosha, tukaponda, tukatia chumvi, tukazungusha kwa zamu. Mama Winfrida alikuwa amevaa kitenge kipya na jasho linamtiririka. Hakusema neno juu ya harufu ya samaki. Sauti za salamu zilikuwa zinatufikia kutoka sebuleni, halafu tukasikia mtu anasema kibuyu kiletwe.

Aliingia na bakuli. Mimi nilibaki mlangoni.

Mama yake Alphonce aliitwa Leonia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amekaa wima na kibuyu mbele yake. Mama Winfrida alipiga magoti.

"Mama mwenzangu, kabla ya chombo chenu, naomba tuanze na changu."

Leonia alichota kidogo kwa ncha ya kijiko. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Ng'ombe gani huyu?" aliuliza.

Mama Winfrida angeweza kudanganya, akamtaja ng'ombe yeyote. Nilimwona akivuta pumzi.

"Hakuna ng'ombe, mama. Ni karanga, nazi na asali, vimezungushwa kwenye ndoo ya barafu. Maziwa tumbo langu haliyataki tangu nizaliwe. Sikutaka kuyakataa ya kwenu bila kuwa na cha kuwapa."

Alphonce alitazama viatu vyake.

"Kumbe ndiyo hiyo," alisema Leonia. "Mimi niliambiwa mama wa binti ana dharau, alikataa maziwa ya mama mkwe wake." Akachota tena, safari hii kijiko kikajaa. "Mnatudai ng'ombe wa mahari, nasi tutawadai hiyo ndoo."

Watu wakaangua kicheko. Leonia alikisogeza kibuyu pembeni kwa mkono. "Hicho wapeni vijana. Sisi wawili chombo chetu ni hiki." Akala mpaka akakwangua bakuli.

Harusi ilifungwa kabla ya mvua. Mwaka uliofuata Winfrida alijifungua huko Makere, na Leonia akatuma ujumbe kwa lori la Alphonce: mama wa binti aje kumlea mzazi, na asije bila ndoo. Alikwenda, akakaa huko huko na wajukuu mpaka alipofariki, na mimi sikuwahi kufika.

Asubuhi aliyoondoka nilimletea barafu. Nilikuwa nimeiosha mara nyingi, nikaifungia kwenye pumba za mbao na magunia mawili ili ifike Makere. Alikuwa amekwisha kupanda juu ya lori, ndoo katikati ya miguu yake. Nikampa furushi tu. Alifungua pembe ya gunia, akainamisha uso, akanusa, akanitazama.

"Gervasi, leo haina samaki. Sasa nikifika huko nitajuaje kwamba ni yako?"