Barua Zote Zilipitia kwa Rosebella

Siku hizi nikipigiwa simu na muuza viwanja nisiyemjua, naye ananiita kwa majina yangu yote matatu, hasira hunipanda. Kisha namkumbuka Rosebella.

Mwaka 1998 tulifanya kazi pamoja katika ofisi ndogo mjini Kakamega, mimi nikipiga chapa, yeye akishughulikia baruapepe. Siku zile zilikuwa tamu jamani. Mji karibu wote ulitumia anwani moja, ile ya ofisi yetu, na barua ya yeyote iliingia humo. Rosebella aliichapisha, akaikunja maandishi yakiwa ndani, akaibana pini mbili. Hakusoma zaidi ya jina. Mimi mmbea nilimchokoza wee, asinidokezee hata neno.

Ila kwetu anayerudi kijijini huwabebea majirani barua zao. Ndivyo Rosebella alivyompa Shikanga wa Malinya barua ya shemeji yake Jael, mjane aliyekuwa akitafuta kazi ya ualimu Eldoret. Wakwe hawakutaka aondoke na watoto. Barua haikumfikia, siku ya usaili ikapita. Jael alipokuja kuuliza, Rosebella alilia mbele ya wateja.

Miezi miwili baadaye ile shule ya Eldoret ikamwandikia Jael tena. Shikanga, aliyezoea kupitia ofisini kila siku ya soko, akafika kabla ya Jael.

"Nipatie barua ya kwetu."

"Mzee, hiyo ni ya Jael. Ataijia mwenyewe."

Shikanga akamwita mwenye ofisi, Masinde.

"Mpatie mzee barua," Masinde akasema. "Si sisi hufanyanga hivyo siku zote?"

Rosebella akainamia kompyuta. Macho yalibaki kwenye kioo, midomo ikimchezacheza, mpaka Masinde akaanza kugonga meza. Kisha akabonyeza kitufe.

"Nimeifuta."

Masinde alimwachisha kazi papo hapo. Nilimsindikiza hadi Malinya mchana ule ule, na njia nzima alinong'ona peke yake, hataki nimsemeshe. Tulimkuta Jael akichambua mboga. Rosebella akasimama mbele yake na kumtolea barua yote kwa kichwa: aje Jumatatu saa tatu, alete vyeti, nyumba ya mwalimu ipo, watoto wanakaribishwa, mpaka jina la mwalimu mkuu.

Jael akamshika mikono yote miwili. Rosebella hakuweza kumtazama usoni.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nimeisoma."