Vikombe vya Udongo vya Madam

Kwa kuosha vyombo sina mpinzani. Sijisifu. Kwetu Mombasa, siku za harusi, majirani walikuwa wakinikabidhi vikombe vyao vya kabatini, na wakirudishiwa hawahesabu. Basi nilipoanza kazi kwa madam mmoja Mjapani, katika fleti yake Jumeirah Village Circle, huku Uarabuni, kilichoniudhi si joto wala upweke. Ni vikombe vyake vitano vya chai.

Vilikuwa vya udongo mtupu, rangi ya kutu, havina mkono, havina hata ua moja. Ukivishika vinakwaruza. Kwetu kikombe kama hicho kingepandwa mrehani. Na ndani vilikuwa na madoa meusi ya chai, tabaka juu ya tabaka. Siku ya kwanza madam aliniambia, "Hivi, maji ya moto tu." Nikadhani ananionea huruma nisichoke.

Ilibaki wiki moja miezi yangu sita ya majaribio iishe. Madam akiridhika, ananiombea viza ya miaka miwili. Asiporidhika, narudi nyumbani. Na nyumbani nilikuwa nimeshaagwa kwa pilau na dua, watu wamelia, shangazi amenisindikiza hadi uwanja wa ndege. Ningerudi na uso gani? Nikaamua kumwonyesha madam usafi wenyewe. Alipotoka asubuhi nikavilowesha vile vikombe katika sabuni ya ndimu, nikavisugua kwa waya wa masufuria mpaka doa la mwisho likasalimu amri. Nilifurahi hata nikavipiga picha.

Kisha nikamimina maji ya moto kujaribu, na povu likapanda lenyewe. Nikamwaga, nikamimina tena. Povu. Mara ya sita maji yalitulia, lakini harufu ya ndimu ilikuwa imeshahamia humo na mizigo yake. Nikampigia shangazi.

"Umeviosha kwa nini?"

"Kwa sabuni."

"Mtungi wa nyanyako ulioshwa sabuni lini?"

"Haukuoshwa, shangazi."

"Kwani?"

"Udongo hunywa sabuni."

"Na hivyo vikombe ni vya nini?"

Mimi niliyekunywa maji ya mtungini utoto wangu wote, nilishindwa kuujua udongo kwa kuwa umetoka Japani! Nilijiona mjinga kupindukia.

"Haya, vifukize ubani," akasema. "Kama mtungi ulionuka."

Nikawasha mkaa kwenye chetezo changu, nikatia ubani, nikawa nakifunika kikombe kimoja kimoja juu ya moshi. Cha tatu kilikuwa kimeanza kunukia kama chumba cha bibi harusi, mara king'ora cha moto kikalia darini. Jengo zima likateremka kwa ngazi. Mlinzi wetu, Mganda mwenye mwili wake, akaingia mbio amekumbatia kizima-moto.

"Sister, moto iko wapi?"

"Hakuna moto. Nafukiza vikombe."

Akavitazama vikombe, akanitazama mimi. "Vimefanya nini?"

Nyuma yake alikuwa amesimama madam na mkoba wake. Nikaungama yote palepale, kwa Kiingereza changu chote na kwa mikono. Akachukua kikombe, akakinusa, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Ile rangi ilikuwa ya chai ya mama yangu," akasema. "Ameshafariki."

Nililia. Si kwa ajili ya viza, wallahi. Nilimwonea uchungu yule mama ambaye sikumjua na nimemsugua kwa waya. Nikaenda chumbani kufunga sanduku kabla sijaambiwa.

Akaniita jikoni. Mezani palikuwa na vikombe viwili vimejaa chai ya kijani, bila sukari, bila maziwa, bila hata punje ya hiliki. "Kaa. Kunywa."

Nikanywa. Majani, ndimu na ubani, vyote kwa mkupuo mmoja.

"Kila asubuhi, kila jioni," akasema. "Mpaka rangi irudi."

"Mpaka lini, madam?"

"Mama ilimchukua miaka ishirini." Akaninyooshea mkono. "Lete pasipoti. Tuanze na miwili."