Ndizi Marufuku Katika Boti ya Marva

Saa moja asubuhi, kwenye ukingo wa mto Hemlow, Marva Tveit anampekua kinyozi wake.

Anaifanya kazi hiyo kwa utulivu wa askari wa mpakani, glovu moja mkononi, nyingine kaing'ata kwa meno. Kutoka kwenye mfuko wa mzee anatoa soksi za akiba, chupa ya kahawa, dawa za presha na sandwichi ya jibini, ambayo anaifunua na kuichungulia ndani. Upepo unaoteremka bondeni unapokonya karatasi ya sandwichi na kuipeleka msituni.

"Mikono juu, mzee wangu."

"Mama, kwa baridi hii nikiinua mikono haitashuka tena," anajibu Orval Stenerud, mwenye umri wa miaka sabini na saba.

"Mfukoni kuna nini?"

"Leso. Na leso nyingine. Nina mafua."

"Na hiki kilichofungwa kwenye foili?"

"Mkate. Binti yangu kautuma kwa posta."

Marva anaunusa. Pua yake, iliyokwisha kuwa nyekundu kwa baridi, haimpi taarifa yoyote ya maana. Anaurudisha mfukoni.

"Hakuna ndizi?"

"Hakuna ndizi."

"Apa."

"Naapa kwa mkasi wangu."

Msomaji aliyekulia kwenye migomba avumilie kidogo. Hapa Hemlow, jimbo la Washington, ndizi haipandi boti. Hakuna anayejua sheria hiyo ilipitishwa na nani, lakini inaheshimiwa kuliko sheria nyingi zilizopitishwa bungeni. Mwongozaji wa wavuvi kwenye mto huu atamsamehe mteja aliyetapika, atamsamehe hata aliyeangusha kasia majini. Mwenye ndizi anarudishwa kwenye gari lake. Ndizi, wanasema, inafukuza samaki.

Samaki anayegombewa kwa masharti hayo yote anaitwa kichwachuma. Ni ndugu wa trauti, ila ana tamaa ya safari: anazaliwa mtoni, anakwenda baharini kutafuta maisha, kisha anarudi mto uleule akiwa mnene, mwenye nguvu na asiyetaka mazungumzo na mtu. Watu husimama kutwa nzima kwenye mvua ya Machi wakimtupia ndoano naye anapita pembeni.

Marva ana umri wa miaka hamsini na miwili. Siku za shule anaendesha basi la wanafunzi. Mwisho wa wiki, majira ya samaki, anapiga makasia na kuwaonyesha wageni mahali pa kutupa uzi.

"Watoto wa basi wana kelele zaidi," anasema, "lakini wavuvi ndio waongo zaidi. Mtoto akikudanganya, angalau anatazama chini."

Kwa siku moja mteja hulipa dola mia nne. Sehemu kubwa inaishia kwenye mafuta, bima, na bega lake la kulia, ambalo daktari amelichungulia mara kadhaa na kulitolea maneno makali. "Aliniambia nipumzishe bega," anasema Marva. "Nikamwambia alieleze bega lenyewe, mimi halinisikii."

Orval halipi kitu. Yeye humnyoa mume wa Marva na kumkata Marva mwenyewe nywele, na hesabu yao inaishia hapo.

Lakini leo si siku ya kubadilishana nywele na samaki tu. Jumamosi ijayo Orval anafunga duka lake la kunyoa na kuhamia Arizona kwa binti yake, kwenye nchi ambako, kwa maelezo yake, mito ina kila kitu isipokuwa maji. Kioo cha duka hilo kimezungukwa na picha za wateja waliokumbatia vichwachuma, na wengi wa samaki hao walipatikana ndani ya boti ya Marva. Kona ya chini upande wa kulia iko wazi. Ni ya Orval. Amewanyoa wavuvi wa mji wa Carbury tangu ujana wake, amezisikiliza hadithi zao zote, na hajawahi kumshika kichwachuma hata mmoja.

"Nimempatia samaki hadi mtu aliyekuwa amelala," anasema Marva. "Aliamka samaki yuko kwenye ndoano. Kinyozi wangu mwenyewe, kila mwaka, sifuri. Nikienda dukani naona ile kona inanitazama."

Boti inaingia majini. Mawingu yamelala juu ya misonobari, na mara kwa mara yanatema kitu ambacho si mvua kamili wala si theluji kamili. Upepo unasukuma boti kurudi ilikotoka, hivyo Marva anapiga makasia kuteremka mto, jambo ambalo mto wenyewe ungepaswa kumsaidia.

Orval ameketi mbele, ufito wa kuvulia mkononi. Mwisho wa uzi wake kuna ushanga wa rangi ya waridi unaojifanya yai la samaki, na juu yake boya dogo. Anatupa, na upepo unamrudishia uzi wake kwenye kofia.

"Pale kwenye maji meusi, mzee. Nyuma ya jiwe."

"Nimelenga jiwe."

"Umelenga sikio langu."

Saa tatu zinapita namna hiyo. Boti nyingine inawapita, ya Buck Lindgren, mwongozaji mwenye ndevu nyingi na adabu chache. Wateja wake wawili wanacheka hata kabla hajafungua mdomo.

"Kinyozi!" anapaza sauti. "Umekuja kuwavua au kuwanyoa?"

"Njoo Jumamosi, Buck, nianze na wewe!"

"Jumamosi si unafunga?"

"Kwako nitafunga mlango kwa ndani!"

Marva anacheka, lakini macho yake hayatoki kwenye boya. Halijashtuka hata mara moja. Sehemu tatu ambazo hazijawahi kumwangusha majira haya zimekaa kimya kama darasa lililomwona mwalimu mkuu dirishani. Anabadilisha ushanga, kisha boya, mwisho anabadilisha hadi upande wa kuketi.

Karibu na saa sita Orval anageuka na kumnyooshea kipande cha mkate. "Kula, mama. Umepauka. Mimi tayari nimekula viwili."

Marva anang'ata. Anatafuna mara moja, mara mbili, kisha taya linasimama.

"Orval."

"Naam."

"Huu mkate una nini ndani?"

"Unga. Sukari. Karanga kidogo, nadhani."

"Orval, huu ni mkate wa ndizi."

Mzee anautazama mkate uliobaki mkononi mwake kama mtu aliyesomewa mashtaka ya mwenzake. "Mimi na mafua haya sina ladha. Mkate ni mkate."

Marva anatema mtoni. Tonge likishapotea ndipo anakumbuka kwamba sasa ndizi imo mtoni pia.

Kikao cha dharura kinafanyika papo hapo, boti ikiwa imeshikiliwa na mizizi ya mti ulioanguka. Ajenda ni moja. Je, ndizi iliyopondwa, ikachanganywa na unga na kupita kwenye tanuri, bado ni ndizi?

"Ndizi ikiokwa inabaki ndizi," anasema Marva.

"Basi nitupe uliobaki."

"Na ule ulioko tumboni?"

Orval anafikiri. "Huo siwezi kuutupa kwa sasa."

"Kwa hiyo ndizi bado imo ndani ya boti yangu. Imekaa kiti cha mbele. Imevaa kofia."

Hakuna upande unaotabasamu. Kwa mtu wa Hemlow hili si jambo la mzaha, na katika siku hiyo pekee iliyobaki Marva hayuko tayari kufanya majaribio. Anatoa hukumu: boti haiwezi kuendelea na ndizi, na ndizi haiwezi kutenganishwa na mzee. Mzee ashuke.

Anamshusha kwenye ukingo wa kokoto ambao waongozaji wote huupita bila kuutazama, kwa sababu kutoka kwenye boti maji yake yanaonekana ya kina kifupi kama ya kuogea kuku. Anamshika mkono hadi asimame vizuri ndani ya suruali yake ya mpira inayofika kifuani. Boti inafungwa mbali kidogo, kwa usalama wake.

"Tupa hapo hapo karibu. Angalau upate mazoezi."

Orval anatupa. Safari hii upepo uko mgongoni mwake, na ushanga unatua taratibu kwenye mfereji mwembamba wa maji ya kijani, mita chache tu kutoka kwenye kokoto. Boya linatembea kidogo, kisha linatoweka.

"Marva, boya limezama."

"Umenasa jiwe."

"Jiwe linaondoka."

Samaki anaruka. Anatoka majini mzima, mweupe wa fedha, anajipinda hewani na kurudi kwa kishindo. Marva anakimbia juu ya kokoto na suruali zake za mpira, mwendo ambao bata angeuonea haya.

"Usivute! Mwache akimbie!"

"Anaondoka na uzi wote!"

"Mwache! Umesahau mtoto anayenyolewa mara ya kwanza? Akivuta kichwa unafanyaje?"

"Namfuata."

"Basi mfuate!"

Kuanzia hapo mzee hahitaji kuelezwa. Maisha yake yote amekuwa akishughulika na vichwa visivyotaka kutulia. Samaki akienda, mikono yake inakwenda naye. Akichoka, mikono inamrudisha taratibu, na midomo ya Orval inamnong'oneza yale yale anayowanong'oneza watoto kwenye kiti: tumemaliza, mkubwa wangu, tumemaliza. Marva amesimama kando na wavu wa mkono.

Samaki anaingia wavuni, wavu ukiwa ndani ya maji. Marva anainama na kutazama mgongo wake, karibu na mkia. Samaki wanaofugwa na serikali na kuachiwa mtoni hukatwa kipezi kidogo cha hapo, na hao unaruhusiwa kwenda kuwala. Mwenye kipezi ni wa mto wenyewe. Anaachiwa, na hata kumwinua nje ya maji kwa picha ni kosa.

"Anacho," anasema Marva.

"Anacho nini?"

"Kipezi. Hatoki majini, mzee. Picha tutaipiga humo humo. Piga magoti."

Orval anapiga magoti, maji ya theluji yanampanda hadi kifuani, na anatoa sauti ambayo haiandikiki. Anaingiza mikono chini ya samaki. Marva anavua glovu kwa meno, anatoa simu, vidole vyake havisikii amri. Wakati huo huo upepo unapiga kwa nguvu zote ulizokuwa umeziweka akiba tangu asubuhi, kofia ya mzee inaruka, samaki anapiga mkia mara moja, na Marva anabonyeza.

Kisha kuna mto tu.

Marva anaitazama simu kwa muda mrefu. Hataki kuionyesha. "Mzee wangu," anasema, "bado kuna saa nyingi za mwanga. Turudie. Tujaribu mwingine."

"Nipe nione."

Kwenye picha yupo Orval, magoti majini, kipara kinang'aa, macho yamefumbwa, mdomo uko wazi kabisa. Kofia iko hewani. Mikono yake imejaa maji yaliyoruka. Samaki hayumo.

Orval anaifuta skrini kwa leso, ile ya pili. Anaitazama tena. "Nimependeza," anasema.

"Hayumo, Orval."

"Wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mimi nilimshika. Twende nyumbani, mama, sisikii magoti." Anasita kando ya boti. "Naruhusiwa kupanda?"

"Panda. Ndizi imeshafanya kazi yake."

Jumamosi, duka la Orval limejaa watu waliokuja kunyolewa kwa mara ya mwisho, wengine wakiwa wamenyolewa juzi. Picha iko kwenye kona ya chini ya kioo. Buck Lindgren yuko kwenye kiti, povu hadi masikioni, akiitazama kwa umakini wa mkaguzi.

"Sasa hapa samaki yuko wapi?" anauliza.

Orval anaunoa wembe kwenye mkanda, upande huu, upande ule. Anauweka chini ya kidevu cha Buck. "Umesema?"

"Nimesema samaki mkubwa sana, kinyozi."

"Asante. Miaka yote nimewaamini ninyi bure. Leo zamu yenu."

Marva, anayesubiri zamu ya kukatwa nywele, anacheka hadi bega linamuuma.

Orval ataondoka Jumatatu, kioo na picha zake zote zikiwa nyuma ya gari la binti yake, atakayekuja kumchukua. Lakini amekwisha kuweka nafasi ya majira ya kuchipua yajayo. Safari hii anamtaka mwenye kipezi kilichokatwa, wa kukaushwa kwa moshi na kuliwa, na Marva amemwandika siku ya kwanza ya Machi kabla ya wateja wanaolipa.

Binti wa Orval alipompigia Marva simu kumshukuru, aliuliza kama kuna chochote anachoweza kutuma wakati huo ukifika. Marva alitazama pande zote mbili, akahakikisha Buck hayuko karibu, kisha akashusha sauti.

"Ule mkate," alisema. "Weka ndizi nyingi. Ila mkate utasafiri kwa gari, si kwa boti, na baba yako nitamshusha kwenye kokoto."